Lethi Juu ya Magogo

Wanachama wenzangu, wazazi na wageni wetu, nawasalimu kwa heshima. Mwenyekiti ameniomba nizungumze kwa kuwa wengi wenu mnajiandaa kununua mashine za kazi ya chuma na kuziweka nyumbani. Sitawafundisha kuchagua mashine. Nitawaeleza jinsi nilivyokaribia kuiuza yangu, na kilichonizuia. Sitamtaja mtu kwa jina. Wahusika watajijua, na baadhi yao wameketi hapa.

Nilipomaliza chuo cha ufundi nilikuwa na imani moja, na bado ninayo: kwamba mkulima wa Awendo hapaswi kufunga kinu chake cha kusaga mahindi akingoja shafti, yaani mhimili wa kinu, kutoka Kisumu, ilhali chuma kipo, stima ipo, na vijana waliosomea kazi hiyo wapo. Kwa hiyo nilinunua lethi iliyotumika, katika karakana moja ya Migori iliyokuwa ikifungwa. Kwa wasioijua, lethi huzungusha kipande cha chuma kwa kasi huku kisu kikikichonga. Nikaongeza drili ya kusimama, jiriwa ya kubania vyuma, na visu vya kukatia. Mota tukaibadilisha ili ikubali stima ya nyumbani. Siku trela la miwa lilipoileta lethi nyumbani, Mama alitoa viti nje kana kwamba tunampokea mgeni.

Likaja swali la mahali pa kuiweka. Lethi inataka msingi wa zege na ifungwe chini kwa bolti, isitikisike. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka yako hajajenga katika boma hili. Wewe utamwagaje zege kabla yake?"

Desturi hiyo mnaijua: mdogo hamtangulii mkubwa kujenga nyumbani kwa baba yao. Kaka yangu alikuwa Sindo, kando ya ziwa, akitengeneza injini za mashua, na hakuwa amerudi kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe nilikuwa bado ninalala kwa nyanya kwa sababu hiyo hiyo.

"Baba, hii si nyumba," nikasema. "Ni sakafu tu."

"Na sakafu yenye paa, huko chuoni mnaiitaje?"

Nikatafuta njia ya katikati. Nililaza magogo ya mkaratusi juu ya udongo, nikaiweka lethi juu yake, na kuezeka mabati machache juu ya nguzo. Haikuwa msingi, haikuwa nyumba. Baba aliridhika. Nami niliridhika, nikiamini kwamba nimeiheshimu desturi na nimeiheshimu kazi.

Kwa miezi kadhaa nilichonga vitu vidogo: bushi, puli, bolti za trela. Kisha mvua ya masika ikaulainisha udongo, na gogo moja likaanza kuzama. Kila asubuhi nilitia vipande vya mbao chini yake na kupima upya. Ndipo ikaletwa shafti ya kinu, nzito na iliyopinda. Nilipoizungusha, mashine ilitikisika, gogo likateleza, na shafti ikachomoka katika taya zilizoishika. Vidole hivi viwili mnavyoviona havikunjiki tena. Wauguzi waliokoa vilivyobaki, nami ninamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Ndugu zangu, nawaambia, mkono ulipona kabla ya moyo. Mtu akiwasha grenda ya kukatia chuma barabarani, nilitoka jasho. Nikaifunika lethi kwa turubai. Mjomba wangu alisema chuma kimelikataa boma letu, nami, pamoja na masomo yangu yote, nikaanza kumwamini. Nikapata mnunuzi wa Rongo, tukakubaliana aje Jumamosi na lori.

Ijumaa, kaka alifika. Alikuwa amesikia habari zangu kutoka kwa wachuuzi wa samaki. Aliutazama mkono wangu, akaniamkua, kisha akafunua turubai na kulipiga gogo teke.

"Omera, ndugu yangu, umesoma miaka yote hiyo, halafu ukailaza lethi juu ya kuni?"

"Sikuwa na ruhusa ya kumwaga zege."

"Ruhusa ya nani?"

Mama ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni. "Yako."

Kaka alikaa juu ya lile gogo. Akauliza, "Kuna yeyote aliyenipigia simu?"

Hakuna. Baba alichelea kumwaibisha. Mimi nilichelea kuonekana ninamsukuma. Naye, akatuambia siku hiyo, alikuwa amekaa mbali nasi kwa sababu aliona haya kurudi bila uwezo wa kujenga nyumba ya mawe.

"Nani alikudai mawe?" Baba akamuuliza. "Chumba cha udongo kinatosha. Ulale ndani, mdogo wako apite."

"Basi mngesema, Baba. Mimi nahangaika na mawe, huyu anahangaika na magogo."

Kila mtu alicheka, hata Mama, ingawa alikuwa akifuta machozi. Kisha kaka akanigeukia. "Mpigie mnunuzi wako, umwambie asije."

"Sitaki kuiona tena mashine hiyo."

"Sijakuambia uitumie. Nimekuambia usiiuze kesho."

Nikapiga simu.

Majirani walikuja na fito na udongo, na nyumba ya kaka ikasimama. Alilala humo usiku wa kwanza, na asubuhi akachukua jembe, akapiga pigo la kwanza la msingi wa lethi, akanikabidhi mpini. Ninyi wanachama ndio mliochanganya zege ile. Mama mmoja aliye hapa alizishika bolti wima mpaka zege ikaanza kukauka, na hakumruhusu mtu kumpokea.

Siku ya kuiwasha, nilisimama mbali nayo. Kaka akaenda kwenye swichi. "Mimi nitasimama hapa. Ukisema zima, nazima. Sitakuuliza sababu."

Akawasha. Nikasema zima kabla kisu hakijagusa chuma. Akazima, asiulize. Akawasha tena, nikasema zima tena. Mara iliyofuata nilikiacha kisu kisogee, na unyoya mrefu wa chuma ukajikunja na kuanguka sakafuni. Mashine ilikuwa imetulia. Nikaimaliza kazi ile.

Leo karakana ina mafundi wawili, yeye na mimi. Shafti za mashua zinatoka Sindo kuja kwetu.

Ninawashukuru wauguzi, majirani, mfanyabiashara wa mjini aliyetuazima toroli na koleo za kuchanganyia zege, na kikundi hiki. Zaidi ninamshukuru kaka kwa kutoniuliza sababu. Sikuja kuishtaki desturi. Ilipotimizwa, haikutuzuia hata siku moja. Walionivunja vidole ni watu watatu wanaopendana, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kumnyamazia. Kwa hiyo, mwenzangu unayekwenda kununua mashine, pima umeme wako, pima sakafu yako, na kabla lori halijaondoka, mpigie simu yule ambaye nyumbani kwenu kila mtu anaogopa kumuuliza.