Sabina Kashindye, Aliyeiandaa Nyumba kwa Msiba Wake

Marehemu Sabina Kashindye alizaliwa tarehe 3 Juni 1953 kijijini Bujora, karibu na Kisesa, mtoto wa tatu wa mzee Kashindye, mfugaji, na mama Rose.

Alisoma hadi darasa la nne, mwaka 1966, akaondolewa ili alee wadogo zake. Mengine alijisomea na kaka yake katika magazeti yaliyofungiwa sukari. Darasa la nne la wakati ule lilikuwa shule. Leo mtu ana digrii na hajui maji ya choo chake yanakwenda wapi.

Kuanzia 1974 hadi 2008 alikuwa mhudumu wa zahanati mjini Nyamagana.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Antoni Masele, seremala, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 1989 walihamia Igoma. Siku hizo choo cha uani kikijaa, majirani walikuja na majembe, wakachimba kingine, wakanywa uji, wakaenda zao. Kisha vikaja vyoo vya ndani, na kila mtu akajifungia na uchafu wake.

Antoni alifariki Mei 2009. Siku ya pili ya msiba, shimo la maji taka, ambalo halikuwahi kunyonywa kwa miaka kumi na miwili, lilifurika uani. Wapishi walihamishia masufuria kwa jirani. Wageni wa Magu waliondoka kabla ya maziko, na Antoni akazikwa na watu wachache. Kuchimba shimo jipya katika mwamba wa Igoma kuliwagharimu ng'ombe wanne, lakini kilichomuuma Sabina ni wale waliogeuza njia. Akaishi na hofu kwamba naye atazikwa hivyo.

Tangu hapo shimo lilinyonywa kila baada ya miaka mitatu, tarehe ikaandikwa nyuma ya mlango. Mafuta ya kukaangia na vitambaa havikuingia chooni. Mwaka 2014 mshenga aliyekuja kumposa binti yake Dorcas aliegesha gari juu ya mfuniko wa shimo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Toeni gari juu ya shimo langu, ndipo tuongee habari za binti."

"Mama, umeanza kudai mahari mapema!"

"Hiyo siyo mahari, baba. Likitumbukia, mahari haitatosha kulitoa."

Machi 2025 alianza kuugua moyo, miguu ikavimba. Septemba alirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Akamwagiza mwanawe Obedi aite gari la kunyonya maji taka, ingawa muda wake ulikuwa bado zaidi ya mwaka.

"Mama, gari lile lisimame mlangoni na mgonjwa yuko ndani? Huo ni uchuro. Watasema tunaandaa matanga."

"Na wewe unadhani tunaandaa nini, harusi?"

Obedi alikataa. Mama yake naye akakataa uji kutwa nzima. Tarehe 18 Septemba gari lilikuja. Sabina aliwekewa kiti mlangoni, akamwambia aliyeshika mpira wa kunyonyea, "Hadi chini, baba. Usiniachie tope." Gladness, binti yake mkubwa, anasema mama yake alilala siku hiyo kama mtu asiyeumwa.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Hadi kuandika haya, Alhamisi, watu zaidi ya mia mbili wamelala hapa, na mvua imenyesha kila siku. Uani hakuna maji machafu, na hakuna sufuria iliyohamishwa. Obedi huyo wa uchuro ndiye anayekagua mfuniko kila asubuhi, na kumwambia mjomba wake, "Bado kuna nafasi, mjomba," huku akifuta machozi na kucheka.

Marehemu ameacha watoto watatu, Gladness, Obedi na Dorcas, wajukuu tisa, na kaka yake Ngosha, ninayeandika haya. Watoto, shimo linyonywe tena Septemba 2028. Msingoje linuke.

Dada, hofu yako imekwisha. Watu wako wote wapo, hata wa Magu. Nenda ukapumzike kwa amani.