Kikombe cha Mawese

Wapapa na wamama, kama sauti yangu itakatika, munivumilie. Miye ni mubebaji wa mizigo pale bandarini, wote munanijua kwa kelele yangu. Leo sina kelele.

Nilianza kumeza tramadoli sababu ya mugongo. Gunia la mihogo halimuhurumii mwanamuke. Kidonge kimoja asubuhi, kisha viwili, kisha viwili na lutuku, ile pombe kali yetu, juu yake. Rafiki yangu naye vilevile. Tulikuwa tunacheka eti hivi vidonge njo chai yetu.

Siku moja muchana akalala juu ya magunia, anakoroma. Nikasema mumuache apumzike. Ndugu zangu, nawaambia, ule haukuwa usingizi. Nilipomurudilia, midomo ilikuwa imegeuka rangi. Nikafanya vile kwetu tunafanyia muntu aliyekula sumu: nikaomba mawese, nikamulaza chali, nikamunywesha kikombe kizima. Alipaliwa, akafia mukononi mwangu. Kwenye matanga watu walinishukuru kwa kujaribu. Nikapokea shukrani, nikaongeza vidonge.

Muuguzi mumoja ndiye aliniita mu formasyo, mafunzo ya kuokoa wenye kuzidiwa na vidonge, ili na miye nifundishe wengine.

«Muntu wa vidonge afundishe nani?» nikamuuliza.

«Wenye kumeza, mama. Miye wananificha. Wewe hawakufichi.»

Siku ya kwanza akatuonyesha: mwite, mufinye, asipoamka, mulaze ubavu. Pumzi ikipungua, mupulizie yako, na mumoja wenu atafute pikipiki ya kumufikisha kituo cha afya. Halafu akasema, musimutie kitu mudomoni, hata maji, hata mawese. Nikatoka inje, sikurudi mpaka kesho yake.

Wiki iliyopita papa mumoja, naye wa vidonge, akaanguka pale pale bandarini. Mama mumoja akaja mbio na kikombe. Nikamushika mukono: «Mama, hapana. Hiyo njo nilimupa rafiki yangu.» Watu wote walisikia. Nikamupulizia yule papa mpaka pikipiki ikafika. Yuko hai.

Miye nimeacha, lakini mugongo unauma na kuna siku ninavitamani, siwadanganyi. Asante, muuguzi. Na asante kwa mama wa rafiki yangu, aliyeketi hapa. Jana nilimuendea, nikamuambia habari ya kikombe. Nikafikiri atanifukuza. Kisha akasema: «Hata miye ningemupa.»

Ndiyo sababu nimesimama, wamama. Sisi wote tungemupa. Muntu asiyeamka musimunyweshe. Mawese tuyaache kwa kupikia sombe.