Shamba la Mvivu Lisiguswe

Sogeeni karibu, wanangu. Elifuraha, kaa hapa kitandani, na wewe Hope zima hiyo simu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki kurudia maneno. Daktari ameshasema alichosema, mchungaji ameshaniombea, sasa ni zamu yangu.

Elifuraha, jana umekuja na bomba la dawa mgongoni kupulizia miparachichi ya hapa nyumbani, na kama mdogo wako asingekushika mkono ungeimaliza yote. Sisemi huna adabu. Najua ni hiyo adabu yenyewe iliyokutuma. Umeona wageni wanaanza kuja kuniona, matunda yanaoza chini, nzi wamejaa, ukajiuliza, watu waje msibani kwa mama yangu wakute uchafu huu? Ukaona aibu, mtoto wa watu. Lakini uchafu ule ni kazi yangu, baba, na nusura uiue kabla mimi sijafa.

Sikilizeni vizuri. Nimefanya utafiti wa wadudu wa matunda tangu ninyi mnanyonya, na nilipostaafu nikaileta kazi hapa Olmotonyi kwa sababu majirani walikuwa wanalia: nzi anatoboa parachichi, anataga mayai ndani, na mnunuzi akipasua moja akakuta funza, anarudisha gari zima. Kule shamba la chini, mtoni, mmeliona lile hema la neti. Kila tunda linaloanguka kule linaokotwa na kufungiwa humo. Nzi wakizaliwa hawawezi kupenya matundu, lakini wale nyigu wadogo wanaoua funza wa nzi, wembamba kama uzi, wanapenya na kurudi mitini kuendelea na kazi. Huku juu, hapa nyumbani, hatugusi kitu. Hatuokoti, hatupulizii, ili mavuno yakiisha tulinganishe huku na kule. Jirani yetu Lesikar alipita akacheka, akapaita shamba la mvivu, na jina likashika, hata mimi siku hizi napaita hivyo. Basi bila shamba la mvivu, lile la mtoni halina maana. Matunda yakitoka masafi kule, watu watasema ni mvua, ni bahati, ni Mungu kampenda yule mama, na Lesikar atarudia kupulizia sumu yake, ile ile iliyomlaza mke wake hospitali.

Mashamba yote mawili nawaachia ninyi wawili, na msigawane mpaka mavuno haya yaishe. Hope asimamie miti, Elifuraha utafute soko, mdomo unao. Baadaye gawaneni wenyewe bila kuita ukoo, la sivyo mtakaa vikao mpaka mzeeke.

Sasa msiba. Nawajua. Turubai mtazifunga kwenye miparachichi, matawi yatakatwa kupisha magari, sufuria za pilau zitatelekwa chini ya miti, na akina mama wenye huruma watafagia kila tunda wakidhani wananisaidia. Na kaburi mmeshalipanga vichwani mwenu, pale ubavuni mwa baba yenu Abdiel, katikati ya shamba la mvivu. Hata kichwani mwangu lilikuwa pale pale. Nimepataka pale tangu siku tuliyomzika, siwadanganyi, na naumia kusema hili ninalotaka kusema.

Nipeni maji kidogo. Haya.

Msinizike hapa. Nipelekeni Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo alilowaachia babu yenu. Wifi yangu Anjela hajakanyaga hapa tangu tulipomzika baba yenu, kaka yake, huku ugenini, kama anavyopaita, na alininyooshea kidole mbele ya mchungaji kwamba nimemwibia kaka yake hata akiwa maiti. Sikuwa nimemsamehe mpaka leo asubuhi. Mwambieni nakuja, na mwambieni ameshinda, atafurahi mpaka apike mwenyewe. Matanga yote yawe huko huko. Hapa abaki Hope peke yake, na geti lifungwe. Akija mgeni akauliza mbona matunda ya marehemu yanaoza, asijieleze sana: aseme ndivyo alivyoagiza.

Jamani, Hope, usilie, utaniliza na mimi. Elifuraha, mshike mdogo wako.

Mungu awape afya na usingizi mzuri, awape watoto wa kuwabishia kama mlivyonibishia mimi, na mpendane hata siku mtakapochokana. Mimi nimewapenda sana. Sikuwa nasema. Kila nilipofungua mdomo, nilikuwa nasema habari za nzi.

Nimechoka sasa... Ngojeni. Jumapili, mkitoka kanisani, piteni pale kwa baba yenu. Mtembee polepole, msikanyage matunda. Mwambieni asiningoje. Mwambieni... mama bado yuko kazini.