Mkanda Uliobaki Ndani ya Kamera

Assalaam aleikum, wanangu na ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba nieleze kwa nini nilikitoroka kikundi hiki na kwa nini nimerudi. Nitaeleza. Majina ya wahusika nayakumbuka yote, hata ya walionicheka, na wenyewe wanajijua walipokaa. Leo simtaji mtu.

Wengi wenu mlipigwa picha na marehemu mume wangu. Alizunguka na baiskeli, kamera shingoni, hapa Kwedizinga, Kwamsisi, mpaka Makuyuni kule Korogwe. Harusi, maulidi, mtoto akianza kukaa. Mkanda ukijaa anaupeleka mjini kusafishwa. Usipojaa hautolewi, hata mwenye picha yake alie. Kisha zikaja simu, kila kijana akawa mpiga picha. Mzee akawa anatoka na mkanda na kurudi na mkanda ule ule.

Na mtu huyo aliyewapiga wote, yeye picha hakuwa nayo. Ile ya kadi ya kura ilififia ikabaki kama doa la chai. Idd yake ya mwisho akanipa kamera, akasimama mlangoni. "Mama watoto, bonyeza hapo, usitetemeke." Nikabonyeza. Mkanda haukujaa, akaugua, akafariki. Sura yake ikabaki humo ndani, na mimi nilijua jambo moja alilonifundisha: ukifungua mgongo wa kamera kwenye mwanga, vyote vimekwenda.

Mnakumbuka ule uvumi kwamba vitu vya zamani, redio, vyerehani, kamera, vina madini ya thamani ndani? Basi akaja mtu na pikipiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Nasikia una kamera ya zamani."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu tu."

"Watu gani? Watu wana majina."

Akacheka. Nikaitoa ili niione nia yake. Hakuangalia kioo, hakuuliza kama inafanya kazi. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kufuli la mgongo. Nilikuwa na mwiko mkononi, nikampiga nao.

"Bibi, naangalia ndani tu."

"Ndani hakuangaliwi. Panda pikipiki yako."

Aliondoka, lakini hao "watu tu" walibaki kichwani mwangu. Habari za kamera nilizisemea wapi, kama si hapa kikundini? Nikawa nakaa hapa nawatazama mmoja mmoja. Huyu mwanawe ana pikipiki. Yule mbona kaniuliza hali yangu mara mbili? Ndugu zangu, nawaambia, mtu akianza hivyo hamalizi. Nikaacha kuja. Mkisema mlinitumia salamu, ni kweli, nilizipata, nikajiuliza mnatafuta nini.

Kisha nikamgeukia mkwe wangu, mke wa mwanangu. Akifagia chumbani naona anapekua. Nikaipandisha kamera darini, juu ya jiko, kwenye mahindi ya mbegu. Nikaanza kuiangalia kabla hajaja na baada ya kuondoka. Aliligundua hilo. Wajukuu wakaacha kuletwa. Nikawa napika ugali wa mtu mmoja, mimi niliyezoea sufuria kubwa.

Siku moja akaja na unga, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, sikuja kwa ajili ya kamera."

"Nimesema kitu?"

"Macho yamesema. Unamficha baba ili tusimwibe. Haya, wewe mwenyewe umemwona lini?"

Nikaupokea ule unga. Akaniambia Korogwe kuna binti anapiga harusi kwa kamera za mkanda, na anasafisha mwenyewe.

"Siku hizi? Mjini kwenyewe si wameacha kusafisha? Nani anataka mambo hayo? Huyo ni mwenzake yule wa pikipiki."

"Basi twende ukamkamate."

Tukaenda. Yule binti nilimhoji ukoo wake, nikahoji mpaka mahali alipozaliwa mama yake. Alijibu yote. Zamu yake ikafika. "Bibi, kamera ilikaa wapi?" Nikamwambia darini, juu ya jiko. "Joto linaua mkanda, bibi. Nitajaribu. Niachie, urudi jioni."

"Siiachi."

"Naufungua gizani. Humo huoni kitu."

"Basi nitakuwemo nisione."

Tukaingia wawili, akafunga mlango. Nikashika gauni lake. Giza lile si la usiku, usiku una nyota. Nilisikia kopo la mkanda likifunguliwa, kisha kitu kinakwaruza. Nikawaza, hapa akibadilisha sitajua, na nikimkaba ataharibu. Macho yangu yote ya miaka hii hayakuwa na kazi.

"Bibi, unanivuta. Nitakosea."

Nikaliachia gauni. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopona, kama nimepona.

Picha nyingi zilikuwa zimeungua. Harusi ya mmoja aliyemo humu ni ukungu mtupu, anisamehe, ni darini kwangu huko. Ya Idd ilitoka hafifu, haina rangi, miguu nimeikata. Lakini uso upo, anacheka. Na pembeni kuna kivuli kinene. Binti akasema, "Hicho ni kidole chako, bibi, kiliziba kioo." Kwa hiyo tumo wote wawili. Nyingine ya pamoja hatuna.

Binti aliniomba kamera, anasema vijana wanazirudia, picha za simu wanapiga elfu na hawazitazami. Mwaka huu wanazirudia, mwakani sijui. Sikumuuzia. Namwazima, na harusini naenda nayo mwenyewe. Majuzi bibi harusi wa Makuyuni alidhani mimi ni shangazi wa bwana, akaniletea pilau.

Namshukuru mkwe wangu, aliyekuja na unga kwenye nyumba alikoshukiwa. Namshukuru binti wa Korogwe. Nawashukuru ninyi kwa salamu zile. Sitawaambia msimshuku mtu. Ningemwachia yule wa pikipiki, leo nisingekuwa na kitu. Ila ukishashuku, chukua kitu chako, nenda nacho, uliza, kaa hapo hapo. Mimi nilikipandisha darini kikaungua nikiwa mlinzi wake.

Picha ninayo hapa. Ipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu amwone. Mimi nakaa pale karibu na mlango.