Kiti Kilicho Karibu na Birika: Tunamuaga Bernadette Ollerenshaw

"Kuratibu si kazi. Ni kuita watu na kuchemsha chai."

Hayo aliyasema mkubwa mmoja wa halmashauri yetu mwezi uliopita, akieleza kwa nini nafasi ya Bernadette Ollerenshaw, mratibu wa mashirika yanayowalinda watu wazima wasiojiweza, huenda isijazwe. Mashirika, alisema, yatakuwa yakiandikiana barua pepe. Siku ile sikumjibu kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Namjibu leo, katika jarida letu la wafanyakazi, maana Bernadette anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni, baada ya kuutumikia mji wetu wa Thornshaw kwa miaka thelathini na mmoja, na sitaki aagwe kwa uongo.

Alianza kama afisa ustawi wa jamii, akizunguka mitaa ya Mill Bank kwa gari dogo jekundu lililokuwa limekwisha kugonga karibu kila nguzo. Aliwafuata watu wazima wasioweza kujilinda: wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wanaopigwa, wanaoibiwa au kutelekezwa, mara nyingi na watu wanaokula nao meza moja. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Lakini Bernadette tunayemjua alizaliwa siku alipokutana na Wilfred Sugden.

Wilfred alikuwa fundi wa mabasi mstaafu, aliyefiwa na mkewe, akiishi peke yake katika nyumba ya halmashauri. Jamaa mmoja aliyejiita rafiki akahamia kwake, akaleta wenzake, wakaikalia nyumba. Mtu wa zimamoto alikwenda kufunga king'ora cha moshi, akaona godoro la mzee liko jikoni. Muuguzi aliona anakonda. Idara ya nyumba ilipokea malalamiko ya kelele. Polisi walibisha hodi wakaambiwa mlangoni kwamba mambo ni shwari. Kila mmoja aliwaarifu wenzake, na kila mmoja akafunga faili lake akiamini kwamba mwingine analishughulikia jambo lenyewe. Hakuna aliyekuwa mvivu. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: wote walifanya kazi yao, na mzee akalala jikoni majira yote ya baridi. Na naam, mheshimiwa, walikuwa wakiandikiana barua pepe.

Bernadette akawaita wote Jumanne moja asubuhi katika chumba kilicho juu ya maktaba, akafunga mlango. Kila mmoja alisimulia kipande chake. Vipande vilipokaa pamoja, hakuna aliyegusa biskuti. Kisha, kwa aibu, wakapanga haraka haraka: mzee ahamishiwe kwenye makao ya wazee wiki hiyo hiyo.

"Sawa," Bernadette akasema. "Nani amemuuliza yeye?"

Sajenti Imran Lodhi, ambaye wakati ule alikuwa konstebo mgeni, hajaisahau siku hiyo. "Tulitazama viatu vyetu," husema, "kama watoto waliovunja dirisha la mwalimu."

Bernadette akaenda mwenyewe. Akamtoa Wilfred nje ya ile nyumba, akampeleka kula samaki na chipsi. Mzee alikula kwanza, akamaliza, akajifuta mdomo. Kisha akasema: "Nyumba ni yangu, kitanda ni changu. Mkosaji ni yule. Mbona mnanihamisha mimi?"

Swali hilo Bernadette alilirudisha juu ya maktaba akaliweka mezani, na mpango ukageuzwa wote. Polisi na idara ya nyumba wakaenda mahakamani pamoja, wavamizi wakatolewa kwa amri. Kufuli zikabadilishwa. Muuguzi akawa anapita kila asubuhi. Wilfred aliishi miaka mingine sita, akafa kwa uzee kitandani pake, akilalamika hadi mwisho kwamba watu wa halmashauri hawajui kupika chai.

Tangu hapo tunakutana mle kila Jumanne, na kuna kiti. Kiko karibu na birika, na afisa yeyote haruhusiwi kukikalia. Ni cha mtu tunayemzungumzia, au cha atakayemsemea. Asipoweza kuja, kinabaki kitupu kikitukodolea macho. Wageni hukitupia makoti yao.

"Ondoa koti, mpenzi," Bernadette huwaambia. "Umemfunika mtu."

Daktari mmoja bingwa alidhani ni mzaha. Alikaa na koti lake mapajani mpaka adhuhuri.

Wala hakuna kutoka mle kwa kusema "tutafuatilia". "Tutafuatilia ndiye nani?" huuliza. "Ana simu huyo?"

Si malaika. Anakatiza watu kauli. Keki yake ya tangawizi, anavyodai Sajenti Lodhi, ingefaa isajiliwe kama silaha. Aliwahi kumwita mkuu wa polisi "mwanangu" mbele ya waandishi wa habari, na yule bwana mkubwa akaitika "naam, mama" kabla hajajikumbuka.

Sasa, mheshimiwa, chai aliichemsha, ni kweli. Lakini barua pepe haifungi mlango, na haimwambii mtu aondoe koti.

Jumanne baada ya yeye kuondoka, kiti kile ni cha mama mmoja mjane. Maelezo yake nayaacha. Inatosha kusema kwamba yupo anayemfungia chumbani, na kwamba mashirika manne yanajua, kila moja kipande chake. Bernadette amemwahidi kwamba ataulizwa anachotaka. "Nimempa neno langu," aliniambia wiki iliyopita, akifunga sufuria zake kwenye boksi. "Msije mkanifanya mwongo."

Bernadette, asante kwa kila ulichotufanya tukione. Nenda kwa dada yako huko pwani, Morecambe, ukapande maharage yako, ukagonge nguzo za huko, na upate afya na usingizi mtamu.

Nanyi wajumbe wa Bodi ya Ulinzi wa Watu Wazima, mtakaokuwa na kisu cha keki mkononi Ijumaa kwenye hafla ya kumuaga: kabla hamjakata, tajeni ni nani atakayefunga mlango ule Jumanne. Tunataka jina la mtu, mwenye simu. Kisha njooni wote, na makoti yenu myaache nje.