Mkutubi na Mgeni wa Kwenye Faili

Haya ninayoyasoma, yapimeni kwa makini,
Nanyi mliomsema, mlisikia kwa nani?

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi wanafunzi wake mliojaa hadi mmeegemea kuta, mimi ni kaka wa marehemu, tumenyonya ziwa moja, na nimeteuliwa kusoma historia hii kwanza kwa sababu ya umri, na pili kwa sababu wiki hii katika familia yetu kila upande umekuwa ukiukodolea macho upande wa pili, ikaonekana heri asome mzee ambaye jina lake halijatajwa kwa lolote. Mnajua kinachonong'onwa. Inasemwa kwamba daktari aliyemtibu dada yetu alikuwa na kisasi naye na amekilipa wodini, na wapo ndugu waliokwisha kuazimia kwamba tukitoka makaburini tulipeleke shauri hili kwenye baraza la madaktari, ili binti huyo anyang'anywe leseni yake. Kwa hiyo nitasoma kama ilivyo desturi, hatua kwa hatua, lakini naomba msikilize kama marehemu alivyokuwa akisikiliza, yaani bila kuamini haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za reli nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa tatu wa baba aliyepaka rangi mabehewa na mama aliyefuma sweta, na tangu utotoni alikuwa na jicho, ukimwambia peremende zimekwisha anakupapasa mifuko, ukimwambia baba amelala anakwenda kutega sikio mlangoni ausikie mkoromo kwa masikio yake.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, akamaliza mwaka 1974, na katikati ya hapo aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kumwomba mwalimu wa sayansi amwonyeshe ukurasa unaosema kwamba popo ni ndege, ukurasa ambao mwalimu hakuwa nao. Sekondari alisoma kuanzia 1975 hadi 1978, akafaulu vizuri, na mwaka uliofuata akaitwa kwenye usaili wa chuo cha udaktari, ambako watahiniwa waliambiwa waandike hoja na kutaja utafiti unaoitegemeza, wenzake waliotoka shule kubwa wakataja majarida ya kitabibu, naye, ambaye hajawahi kuliona jarida hata moja, akataja gazeti la Jumapili. Hakuchaguliwa. Alisomea ukutubi badala yake, akapata stashahada mwaka 1981, na jambo la gazeti lile hakulisimulia kwa kicheko hata alipozeeka.

Julai 1981 aliajiriwa katika maktaba ya umma, ile ya ghorofa tatu yenye ngazi za mbao zinazomsengenya kila anayepanda, akapitia dawati la kuazima, akapitia chumba cha kukarabati vitabu, hadi akakabidhiwa chumba cha juu, chenye madirisha mawili yasiyofunga sawasawa, meza ndefu na kompyuta nne zinazowaka kwa zamu. Humo, mwaka 1996, yeye na wakutubi wenzake wawili, mrefu anayeitwa Rula na yule wa gundi na uzi ambaye wote tunamwita Mama Jalada, walifungua darasa la jioni kwa watoto wa wafua nguo, wa walinzi na wa wachuuzi, na kwa yatima waliolelewa na bibi zao, watoto wenye vichwa vizuri wanaojiandaa kwa udaktari lakini hawana mtu wa kuwaambia makala husomwaje. Waliwafundisha kuchimba marejeo hadi mzizi, kutoishia kwenye muhtasari wa mwanzo, kuuliza utafiti umefanywa kwa watu wangapi na umegharamiwa na nani, na kwa kila walichosema marehemu aliwatupia swali lake lile lile, nani kasema, hadi wakambandika jina hilo, Mama Nani Kasema, na ikawa mzaha wa chumba kwamba hata saa ya ukutani ikigonga huyo mama huulizia chanzo.

Sasa nieleze jambo la mgeni, maana shina la yote ni hapo. Kila muhula wakutubi hawa watatu walikaa faraghani wakatunga makala moja ya uongo, yenye majedwali, majina ya watafiti wasiokuwepo na jarida lisilokuwepo, wakaipiga chapa ikapendeza kuliko za kweli, wakaichanganya na nyingine ndani ya faili la darasa. Hiyo ndiyo waliyoiita mgeni. Wanafunzi waliambiwa kwamba mgeni yumo, hawakuambiwa ni yupi, wakakaa muhula mzima wakitazamana na kila karatasi kama watu walioibiwa, na katika kipindi cha mwisho mgeni alitajwa, akachanwa mbele ya wote, watu wakapiga makofi. Wapo humu madaktari ambao hadi leo hawawezi kusoma kijitabu cha kampuni ya dawa bila kumtafuta mgeni, nao hunishukuru mimi kana kwamba ni kazi yangu.

Mwaka 2008 alikuwepo binti mmoja, mtoto wa dobi, ambaye marehemu alimwona kuwa ndiye mkali kuliko wote waliowahi kupanda ngazi zile. Kipindi cha mwisho hakufika, kwa kuwa mama yake alikuwa ameugua na nguo za watu zilikuwa zinasubiri, na katika wakutubi watatu kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia. Binti alikuwa na nakala ya faili nyumbani. Akaenda nayo kwenye usaili, akamtaja mgeni, makala kuhusu vidonda vya miguu, kwa kujiamini kote, jopo likaitafuta makala isionekane, likalitafuta jarida lisionekane, likaamua kwamba mtahiniwa ametunga ushahidi, akafutwa katika orodha kwa udanganyifu.

Marehemu alipopata habari alikwenda chuoni siku hiyo hiyo, akasimama mbele ya jopo akasema, "Mwongo ni mimi. Huyu mtoto alikosa kipindi kimoja tu." Nao walimtazama kama anayemfichia mwizi, mmoja akamuuliza kwa upole wa kejeli, "Mkutubi mzima unakaa unatunga utafiti? Na sisi tukuamini kwa lipi?" Ilibidi Rula na Mama Jalada nao waende, na makala za uongo za miaka ya nyuma ziwekwe mezani, ndipo tuhuma ikafutwa, lakini nafasi za mwaka huo zilikuwa zimejaa. Kisha akaenda kwa dobi kuomba radhi. Binti alikuwa anakamua mashuka, akamwambia, "Mama, mimi nilikuamini wewe," akaendelea kukamua. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwa juhudi zake, na chumba cha juu hakukanyaga tena. Mgeni aliendelea kutungwa, ila tangu hapo marehemu aliita majina kabla ya kumchana, na asipokuwepo mmoja alifuatwa kwao.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na shemeji yetu, fundi cherehani, ambaye alipoleta posa alichunguzwa kama makala, marehemu akawazungukia wateja wake mmoja mmoja kuulizia kama fundi huyo hutimiza ahadi, wote wakamwambia hatimizi, akarudi akamkubali, akisema kwamba huyu angalau alimwambia hivyo hivyo mwenyewe kabla hajaulizwa. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza tarehe 2 Mei 1988, ambaye ni mhasibu, na wa pili tarehe 19 Novemba 1991, ambaye ni mwalimu, na wote wawili watawaambia kwamba hakuna aliyewahi kumdanganya mama yao kuhusu alikotoka akafika mbali.

Alistaafu mwaka 2021 akaendelea kufundisha kwa kujitolea, na Agosti 2022 akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo, ambao ulimwendea polepole hadi mwezi wa Februari mwaka huu, 2024, alipolazwa katika hospitali kuu, na daktari wa zamu aliyefungua pazia akawa mtoto wa dobi. Sisi tulishtuka. Yeye marehemu aliuliza dawa iliyomo kwenye dripu imependekezwa na nani. Kuanzia siku hiyo daktari alikuja na makala zilizochapishwa, akaziweka juu ya blanketi akisema, "Ukurasa wa nne, Mama, soma mwenyewe, usije ukasema nimekuletea mgeni," na wauguzi wakawa wanajipitisha pitisha hapo ili wasikie wawili hao wakibishana. Kuhusu mwaka 2008 hawakuzungumza, au kama walizungumza, hakuna aliyesikia.

Katikati ya Mei daktari alisimamisha dawa moja. Siku chache baadaye hali ikawa mbaya, na hapo ndipo mnong'ono ulipoanza, kwamba marehemu mwenyewe alikuwa amesema, huyu binti hajanisamehe. Tangu msiba uingie nimefanya kazi ambayo mdogo wangu angeifanya. Aliyeniletea maneno hayo ni mpwa wangu, mpwa aliyapata kwa wifi, wifi aliyapata kwa jirani wa ukuta mmoja, jirani aliyapata kwa mama yetu mdogo, na mama mdogo, ambaye yuko hapa mbele na ameniruhusu kumtaja, aliyasikia kwa masikio yake kitandani. Nikamwomba anitajie kama yalivyotamkwa. Marehemu alisema hivi: "Huyu binti hajanisamehe, lakini dawa anazijua, mwacheni." Nusu ya kwanza imetembea mji mzima, nusu ya pili ilidondoka kwenye ukuta wa jirani.

Sikuishia hapo, maana mtu anaweza kuzijua dawa na bado akawa na nia yake. Nililipeleka faili la matibabu kwa daktari mzee wa hospitali nyingine, asiyemfahamu binti huyu wala sisi, akalisoma lote akasema kwamba figo zilikuwa zimefika mwisho, na kwamba dawa ile hata yeye angeisimamisha, pengine mapema zaidi. Wapo watakaosema madaktari hulindana, na mimi siwezi kuapa kwamba hawalindani. Naomba tu kwamba atakayekwenda kwenye baraza aende na kitu alichokiona yeye, na akiulizwa nani kasema, awe na jibu, kwa sababu binti huyu amekwisha kufutwa mara moja kwa karatasi isiyo ya kweli, na karatasi hiyo ilitoka katika nyumba yetu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani waliobeba viti na maji tangu siku ya kwanza, uongozi wa maktaba, na kwa namna ya pekee Rula na Mama Jalada, waliotunga uongo pamoja naye kwa miaka mingi ili wengine wajifunze ukweli. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na darasa la watu kumi na wanane ambao bado wanatafuta mgeni wa muhula huu. Mdogo wangu, umeuliza ya kutosha, sasa tulia, upumzike kwa amani.

Kabla sijakaa, ipo sentensi moja ambayo baadhi ya ndugu wameniomba niiruke, nami nimekataa, kwa kuwa historia isiyo kamili naye asingeipokea. Alasiri ya tarehe 19 Mei 2024, dada yetu alipokata roho, sisi wa damu yake tulikuwa kwenye korido tukibishana nani aingie kumtoa daktari nje, na aliyekuwa amesimama kando ya kitanda chake ni daktari huyo, peke yake.