Ukuta wa Kibaigwa Uliomwozesha Salha Bushiri

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025, muadhini akiwa bado anaita, mpendwa wetu Salha Bushiri aliitika wito wa Mola wake, na sisi familia tumeona tumsindikize kwa furaha, maana nyuso zilizokunjamana hakuzipenda hata kidogo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1979 kijijini Kolo, wilaya ya Kondoa, mtoto wa pili wa mzee Bushiri na mama Tabu, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari mjini Kondoa hadi mwaka 1997, na mwaka 2001 akafungua ofisi ndogo ya uwakala wa bima Kibaigwa, ubavuni mwa ghala la mahindi la baba yake. Mama alilalamika kwamba kuikatia bima nyumba yao ya Kolo ni kujichuria, lakini alikubali, na mwaka uliofuata upepo uling'oa mabati ya nyumba hiyo, bima ikayarudisha, ila ufa wa ukutani ikaukataa kwa kuwa ulikuwa wa uzee na mchwa, na Salha alimwambia hivyo mama yake mzazi bila kupepesa macho.

Tarehe 14 Agosti 2003, dereva Nurdini Msafiri, akirudi nyuma na lori lake, aliangusha ukuta wa ghala la mzee Bushiri, lori likaharibika vibaya, na ndilo lililokuwa riziki yake yote. Salha alimweleza kwamba bima yake ndogo itajenga ukuta wa mzee, lakini lori lake haitaligusa, hiyo ingekuwa kazi ya bima kubwa.

Nurdini akamsihi, "Dada yangu, andika tu kwamba lori la dereva mwenzangu Yoramu ndilo lililonigonga, ili bima yake inilipe, mwenyewe kakubali."

Salha akamjibu mbele ya madalali wote wa soko la mahindi, "Kaka, Yoramu ameanza lini kuwa ukuta?"

Soko zima liliangua kicheko, Nurdini naye akacheka huku machozi yakimlenga, akaomba radhi, na mzee Bushiri, kwa kupendezwa na radhi ile, akampa kazi ghalani mpaka lori lilipotengemaa, na lilipotengemaa, kijana akaleta posa. Salha alikubali kwa sharti moja, lori likatiwe bima kubwa kwanza, ndoa ikafungwa Kolo tarehe 18 Desemba 2004, na Mungu akawajalia watoto wawili, Munira na Abdulrazaki. Tangu hapo, kila alfajiri lori lilipowashwa, alitokeza mlangoni na kusema, "Angalia nyuma, baba Munira."

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Machi 2023, akatibiwa Dodoma kwa subira kubwa, na jioni ya Alhamisi, Nurdini alipokuwa akitoka wodini, alimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Angalia nyuma," akageuka, akamkuta anacheka, na hivyo ndivyo alivyomwona mara ya mwisho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, mawakala wenzake, na madereva wa Kibaigwa walioacha mizigo yao barabarani wakaja.

Ewe Mola, mpe Salha kauli thabiti, lipanue kaburi lake, mlipe kwa ukweli wake, na umpumzishe kwa amani mpaka utakapotukutanisha naye akicheka. Amin.